Mazishi ya Regulata

Usiku wa jana niliota tunazika regulata ya kompresa, na mfiwa mkuu ni mimi.

Kwa asiyeijua, regulata ni lile dude la chuma, ukubwa wa ngumi, linalokaa kati ya tangi la hewa na bunduki ya kupulizia rangi. Tangi lina hewa yenye hasira. Bunduki inataka hewa yenye adabu. Anayefundisha adabu ni regulata. Juu ina kitasa cha kuzungusha, na ubavuni ina saa ndogo ya kuonyesha msukumo, ambayo mafundi tunaiita geji.

Na mimi ni Otmara Mbawala, mpiga rangi wa magari hapa Songea, na sitajishusha ili nikufurahishe: ninajua kupiga rangi. Gari nililolipiga mimi ukilikuta limeegeshwa, unaweza kusimama ubavuni ukachana nywele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi sijawahi kubandika tangazo popote.

Sasa jana hiyohiyo mchana nilikuwa nimepiga rangi ubavu mmoja wa basi la shule ya masista. Rangi ikakauka na vipele, uso wake kama ganda la chungwa. Bosi wetu, Gaudensi Komba, akapitisha kiganja pale, kisha akaniangalia kwa huruma. Huruma hiyo iliniuma kuliko tusi.

"Fundi Otmara," akasema, "mkono umechoka. Ubavu wa pili kesho atapiga Festo. Wewe utampigia msasa."

Festo alitujia kutoka Mbinga juzijuzi tu. Anapuliza rangi kama anayemwagilia mchicha. Nikasema si mkono, ni hewa. Komba akanionyesha geji, mshale umesimama palepale unaposimama siku zote. Nikarudi nyumbani, nikala ugali, nikalala.

Basi tuko msibani. Gereji imekuwa kanisa, na mabenchi ni matairi. Mbele kuna jeneza la ukubwa wa boksi la viatu, na ndani yake amelala regulata, amezungushiwa tepu ya karatasi kama sanda. Komba anasoma wasifu wa marehemu.

"Marehemu alikuwa mpole," anasoma. "Alihudumia kompresa yetu bila kuomba likizo. Ameacha mipira ya hewa na bunduki moja."

Bunduki imekaa karibu yangu, inalia rangi ya bluu. Ninaipa kitambaa. Inafuta pua, inanishukuru, inaendelea kulia.

"Chanzo cha kifo," anasoma Komba, "ni uchovu."

Kwaya ya mipira inaimba. Wabebaji wanainua jeneza, wanageukia mlangoni, jeneza linagoma. Wanasukuma. Jeneza linawasukuma wao, mmoja anaangukia debe la thina ya kuchanganyia rangi.

Ninasimama. "Ninyi vipi?" nawaambia. "Hamuoni mshale kifuani kwa marehemu? Hewa inaingilia huku, inatokea kule. Regulata akiwekwa kinyume hafanyi kazi, na hata kwenda hawezi kwenda. Mgeuzeni."

Wanamgeuza. Jeneza linaondoka lenyewe, wabebaji wanalikimbilia nyuma.

"Alikuwa na msimamo," anasema Komba, anafunga karatasi yake.

Kaburi limechimbwa katikati ya uwanja wa mpira. Tunapofika tunakuta mtu amelala ndani, amekunja nne, anachokonoa meno. Ni mrefu, mwembamba, amejisokota kuanzia kichwani mpaka miguuni. Namtambua mara moja. Ni springi, yule anayekaa ndani ya regulata, chini ya kitasa.

"Tokeni hapa," anasema springi. "Mimi ni Mhehe. Marehemu ni Mngoni. Mtani wangu hazikwi mpaka niridhike."

Watu wote wanashusha pumzi. Wangoni na Wahehe, babu zetu walipigana vita, sisi wajukuu tukabaki na utani. Mmoja akifiwa, mwingine huja kuvuruga msiba, na akishalala kaburini hakuna wa kumvuta. Unampa ada yake, anatoka. Ndiyo desturi.

Sikuwahi kujua kwamba regulata yetu ni Mngoni kama mimi. Nimejisikia fahari, nikanyoosha mgongo.

"Kafa kwa nini?" anauliza springi.

"Amechoka," anasema Komba.

"Mngoni kachoka? Hawa walitoka kusini huko wakikimbia, hawakuchoka njia nzima, waje wachokee gereji?"

Waombolezaji wanacheka. Mimi ndiye mfiwa, jibu ni langu.

"Tulikuwa tunawafuata ninyi, mtani," nasema. "Na tulipowashika tuliwapiga mpaka mikono yetu ikauma."

"Mkono huohuo uliochoka jana?"

Hapo sicheki. Mtani ana ruhusa ya kusema chochote, lakini ile iliingia.

Springi anaketi ukingoni mwa kaburi. "Leteni povu la sabuni," anasema.

Linaletwa. Analipaka kifuani kwa marehemu, chini ya kitasa, penye tundu dogo. Tunainama wote kutazama. Mzee mmoja anavaa miwani. Povu linakaa kimya, hakuna kinachotoka.

"Ndani ya regulata kuna kiwambo cha mpira," anasema springi. "Kingekuwa kimechanika, hewa ingetorokea kwenye tundu hili na povu lingechemka. Kiwambo ni kizima. Mnazika mtu mwenye kifua kizima. Mjane yuko wapi?"

Mjane ni geji. Ni mama wa duara, ana uso wa kioo, na mshale wake ameufunga kitambaa cheusi.

"Shikamoo, shemeji," anasema springi, ghafla ana adabu. "Marehemu alipokuwa amepumzika, bunduki haipulizi, mshale wako ulikuwa unapanda wenyewe?"

"Marahaba. Haukupanda hata kidogo. Alikuwa mume mtulivu."

"Basi vali yake haina uchafu. Vali ikiingia uchafu haifungi sawasawa, hewa inapenya polepole, na mshale unapanda hata mkiwa mmekaa mnakunywa chai. Na alipokuwa kazini je? Bunduki inapopuliza, mshale ulisimama wapi?"

Geji anatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kazini?" anasema. "Nani aliwahi kunitazama wakati wa kazi? Bunduki ikipuliza wote mnatazama rangi. Ikinyamaza ndipo mnakuja kunitazama, na mimi wakati huo niko sawa."

Mimi pia nilikuwa natazama rangi. Lakini mpiga rangi atazame nini, mawingu?

"Vuta," anasema springi.

Bunduki inaacha kulia. Ninaishika, navuta kifyatulio. *Pshhh.* Na hapohapo mshale wa geji unaanza kushuka. Unashuka, unashuka, geji mwenyewe anapepesuka, akina mama wanamdaka.

"Ongeza!" wanapiga kelele waombolezaji. "Ongeza hewa!"

Komba anaruka juu ya jeneza, anakamata kitasa, anazungusha kwa nguvu zake zote. Kila anapozungusha, anga linashuka chini kidogo na kumkandamiza springi kichwani.

"Acha, wewe!" analalamika springi. "Unanikandamiza bure! Utaongeza nini na hewa yenyewe haifiki? Ukiona maji hayatoki bombani, unapiga bomba makofi?"

Komba anaacha. Anga linarudi mahali pake.

Springi ananigeukia mimi. "Mfiwa, hewa imekwama njiani kabla ya kufika kwa marehemu. Nenda ukaitazame."

"Napitia wapi?"

"Kanuni unaijua. Hakuna anayefika kwenye kipimo akitokea juu. Ukitaka kushuka, shuka upapite unapopataka, halafu panda."

Kanuni hiyo ninaijua sana. Ukitaka kupunguza hewa kwenye regulata, huiteremshi ukaiacha palepale unapopataka. Unateremsha zaidi ya hapo, ndipo unapandisha taratibu mpaka kwenye kipimo, la sivyo mshale utakudanganya. Nimeifuata kwenye kitasa miaka yote. Sikujua kwamba inahusu na miguu.

Ninashuka kaburini. Nampita springi. Nafika chini ya kaburi, na chini ya kaburi kuna ngazi. Nashuka tena. Sasa niko ndani ya kikombe cha kioo kikubwa kama chumba, maji yamenifika magotini. Hapa napajua kwa nje: ni kikombe cha filta, mahali hewa inapochujwa na kuacha maji yake kabla ya kwenda kwa regulata.

Chura amekaa ukutani.

"Maji haya yanatakiwa kumwagwa kila asubuhi," anasema chura.

"Ni zamu ya Festo," namwambia.

"Ndiyo maana nimejenga hapa," anasema chura. Ananionyesha nyumba yake. Ina bati jipya.

Nampongeza kwa nyumba, naanza kupanda.

Juu ya kikombe kuna chumba kingine, na humo ndani naikuta hewa. Ni watu wembamba, wamevaa mashati meupe, kila mmoja ana begi dogo. Wamelala. Wamelala juu ya godoro la sponji la njano, wengine wamejifunika mabegi, wengine wanakoroma. Mmoja anafumbua jicho, ananiona, anaketi haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmelala wakati wa kazi?"

"Mama, tumetoka kwenye tangi. Kule tunabanana na joto ni kali. Tunafika hapa tumechoka, tunakuta godoro. Mtu akikuta godoro afanyeje?"

Ni swali la haki.

"Na bunduki ikiwaita?"

"Wanatoka wale walio mlangoni. Sisi wengine mpaka tuamke, tukunje nguo, tutafute begi. Bunduki ikinyamaza ndipo tunafika mlangoni mmoja mmoja, tunajaa, geji anatuhesabu, anafurahi."

Nimeelewa. Nimeelewa yote kwa pamoja, na furaha imenipanda mpaka masikioni. Mkono wangu ni mzima! Ulikuwa unapaka rangi kwa pumzi ya watu wawili watatu walioamka mapema. Hata malaika angetoa ganda la chungwa.

"Nani ameweka godoro hapa?" nauliza.

"Bwana Komba. Chujio lenyewe lilichakaa, akakata kipande cha godoro akakichomeka. Akasema ni la muda."

"La muda tangu lini?"

"Mama, sisi ni hewa," anasema. "Hatukai."

Hapo hasira ikanipata. Bosi anakata godoro, ananiangalia kwa huruma! Nakamata ncha ya godoro, navuta. Ni zito, limekunywa maji na oili. Navuta tena, haliji. Natazama upande wa pili, naona springi amekaa juu yake, amekunja nne.

"Ada yangu," anasema.

"Mtani, ondoka. Nitakupa kuku."

"Kuku nitamweka wapi? Mimi naishi ndani ya regulata."

"Nikupe nini basi?"

"Sema kwamba Wahehe waliwapiga Wangoni."

Nikamcheka. Nikamwambia mambo ambayo mtani huambiwa, siyaandiki hapa. Anasikiliza kwa heshima, hatikisiki.

"Siwezi kusema hivyo," namwambia. "Babu yangu atafufuka."

"Hatafufuka. Marehemu leo ni mmoja tu."

Wakati huohuo nasikia sauti juu yetu, kwa mbali. *Puu. Puu-puu.* Ni Festo. Ameshika bunduki, anajaribu rangi. Kisha nasikia kiganja kikigonga bati, na bati hilo ninalijua mlio wake. Ni basi la masista, ubavu wa pili. Mara sauti ya Komba: "Anza nyuma, uje mbele. Otmara atasugua."

Kumbe ninaweza kuupoteza ubavu ule hivihivi nikiwa nimesimama juu ya dawa yake. Nawatazama watu wa hewa waliolala. Namtazama springi. Namwuliza kama hakuna ada nyingine. Anasema hakuna.

"Shuka upapite," ananikumbusha, kwa upole kabisa.

"Wahehe walitupiga," nasema chini kwa chini.

"Sijasikia. Geji, umesikia?"

"Mshale haujasogea," anajibu geji kutoka juu.

Basi nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasema kwa sauti ambayo mama yangu angenikana kwayo: "Wahehe waliwapiga Wangoni!"

Msiba mzima umesikia. Komba anavua kofia. Kwaya ya mipira inaitikia mara mbili. Mimi nimesimama na maji yananitiririka mguuni, sijawahi kuwa chini namna hii maishani.

Springi anainuka, ananiinamia kwa heshima, anashika ncha ya pili ya godoro. Tunavuta wote wawili, Mngoni na Mhehe. Godoro linachanika, kipande kinabaki mkononi mwangu.

Watu wa hewa wanaamka wote kwa pamoja. Wanakamata mabegi.

"Asante kwa malazi, mama!"

"Haya, nendeni kazini!"

Wanakimbia. Wanapokimbia wananibeba, sina ninachoweza kufanya. Tunapita mlangoni, tunaingia kifuani kwa regulata. Ndani ni safi na kunang'aa. Regulata amefumbua macho, anajitoa tepu usoni.

"Pole na msiba, dada," ananiambia.

"Msiba ni wako," namwambia.

"Alaa! Basi asanteni kwa kuja."

Anatupitisha kwa kipimo, si zaidi, si pungufu. Geji amefungua kile kitambaa cheusi, mshale wake umesimama imara huku tukipita, hautetemeki. Naingia kwenye mpira, nazunguka, natoka mdomoni mwa bunduki.

Na mkono ulioshika bunduki ni wangu. Sijui nimefikaje pande zote mbili. Ninapuliza na ninapulizwa. Mimi ni fundi, na mimi ni rangi, bluu ya masista, laini kama maziwa. Natua kwenye bati la basi kwa upana mmoja, kutoka nyuma mpaka mbele, natandazika, natulia, nang'aa. Kipele hakuna! Watu wa gereji wanakuja kupitisha viganja, viganja vinateleza. Masista wanakuja kwa foleni kujitazama na kurekebisha vilemba vyao. Festo amekaa pembeni na kipande cha msasa, anasugua bampa bila kuulizwa.

Sista mkuu ananisogelea, ananiangalia kwa makini.

"Otmara, mbona umekuwa bluu?"

"Ni kazi, Sista."

"Umependeza," anasema.

Najua nimependeza. Nimelala pale kwenye bati, mrefu kama basi, jua linanipiga, na kila mtu anayejitazama ndani yangu anatoka mzuri kuliko alivyokuja. Nikajisemea, watoto wangu wangeniona. Nikafumbua macho.

Kumeshakucha. Mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa shuka. Mume wangu anaitwa Lulandala, ni Mhehe wa Kilolo. Nilimkubali hivyohivyo.

"Rudia," ananiambia.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema usingizini. Kwa sauti, Mama Ostakia, mpaka jirani amekohoa. Miaka yote ya ndoa nimekingoja, leo umenipa bila hata kuombwa."

"Nilikuwa kazini," nikamwambia.

Akacheka tena, akapiga magoti yake makofi. Nikataka kumtupia mto, nikaona ngumi yangu ya kulia imefumbata na vidole vimekakamaa. Nikavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Ndani kulikuwa na kipande cha sponji ya njano, kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa kimelowa, upande mmoja mweusi.

Lulandala akakichukua, akakinusa. Akaacha kucheka. Akapapasa kitanda chetu, huku na huku, akainua shuka.

"Hii inanuka oili ya kompresa," akasema. "Na godoro letu ni la pamba."

"Najua."

Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja kwenye ovaroli. Akaniuliza kama sinywi chai kwanza, maji yameshachemka.

"Kunywa wewe uliyeshinda vita," nikamwambia. "Mimi nina ubavu wa basi."